Umeme wa upepo Kenya: upepo uko, lakini waya na udongo njo vilileta shida

Kaskazini mwa Kenya, upande wa mashariki wa ziwa Turkana, kuko mahali panaitwa Sarima. Ni inchi ya mawe meusi ya volkano, sawa yale yenye watu wa Goma wanajengea kuta. Miti ni michache, mvua ni kidogo, na upepo hauachi kuvuma. Wachungaji Warendile, Wasamburu na Waturkana wanapita hapo na ngamia na mbuzi tangu zamani. Leo, katikati ya mawe hayo, kunasimama mashini 365 zenye mapanga matatu matatu, na zote pamoja zinaweza kutoa megawati 310. Kwa msomaji wa Bukavu mwenye anataka kupima: Ruzizi ya kwanza, yenye ilijengwa wakati wa wakoloni, iko chini ya megawati 30.

Lakini umeme huo hauteremki Sarima. Unapanda kwenye waya mkubwa na kwenda kilometa zaidi ya 400 mpaka Suswa, karibu na Nairobi. Na mwaka 2021 tribinali moja ilisema kwamba karatasi za udongo wenye mashini hizo zinasimama juu yake zilipatikana nje ya sheria.

Wakati watu wanazungumuza umeme wa upepo, mara nyingi wanazungumuza mashini: urefu wake, bei yake, nguvu yake. Kenya iko na miaka zaidi ya 30 ya kujaribu jambo hili, na kwa sehemu kubwa si mashini zenye zilileta shida. Hata upepo haukukosa. Shida ilikuwa waya wa kupeleka umeme, mkataba wa kuuza umeme huo, na zaidi ya yote, nani mwenye udongo.

Juu ya nini upepo unavuma pale na si kila pahali

Upepo wenye unavuma Turkana unatoka upande wa bahari ya Hindi, kusini-mashariki. Unapofika kaskazini mwa Kenya unakuta milima mikubwa pande mbili: ile ya Ethiopia upande mmoja, ile ya Kenya upande mwingine. Katikati kuko njia ya chini, na upepo wote unapita humo. Ni sawa mto wenye unabanwa kati ya mawe mawili: maji ni yaleyale, lakini mbio inaongezeka. Sarima penyewe pako kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru, kwa hiyo upepo unabanwa tena mara ya pili. Wastani wake ni karibu metre 11 kwa sekunde, ni kusema kilometa 40 kwa saa. Wenye kujenga mashini za upepo duniani hawapati mahali pengi pa namna hiyo.

Mbio hiyo ni jambo kubwa kuliko vile mtu anaweza kufikiri. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nane. Njo maana mahali pawili penye vinaonekana kuwa na upepo sawasawa vinaweza kutofautiana sana katika umeme, na njo maana mtu hawezi kuamua kwa kutazama tu matawi ya miti yenye kutikisika. Mbele ya kununua mashini hata moja, wajuzi wanasimamisha mti mrefu wa chuma wenye vipimo, wanauacha hapo mwaka mzima ao zaidi, wanaandika mbio ya upepo usiku na mchana, kiangazi na mvua.

Katika sehemu kubwa ya Kongo, karibu na mstari wa ikweta na ndani ya pori kubwa, hewa inapanda juu kuliko kukimbia pembeni, na upepo ni wa polepole. Nguvu ya kwetu ni maji: Inga, Ruzizi, mito yenye inashuka kutoka Virunga. Kwenye milima mirefu na kando ya maziwa kunaweza kuwa na pembe yenye upepo, lakini mtu mwenye anakuja kuuzia kijiji mashini kubwa ya upepo bila vipimo vya mwaka mzima, afadhali aulizwe kwanza vipimo hivyo viko wapi.

Mashini yenyewe haiko na siri kubwa. Vantilateri ya nyumba inakula umeme na kutoa upepo. Turbini inafanya kinyume. Mapanga yanazungusha mti wa chuma, mti huo unazungusha dinamo yenye iko ndani ya kisanduku kikubwa pale juu. Zile za Turkana zinaitwa Vestas V52, zimetengenezwa na kampuni ya Danemark. Mapanga yake yakizunguka yanachora duara la metre 52, na nguzo yake iko na metre 44. Upepo ukiwa chini ya metre 4 kwa sekunde, inalala. Ukipita metre 25, inajifunga yenyewe kusudi isivunjike. Kila moja inatoa kilowati 850 wakati upepo umejaa. Kuko mashini kubwa zaidi mara nyingi katika Ulaya, lakini panga refu na krini ya kulipandisha vinaomba barabara nzuri, na barabara ya kwenda Sarima ilikuwa jambo lingine.

Kuanza kidogo kule Ngong

Mbele ya Turkana kulikuwa milima ya Ngong, yenye mtu anaiona akiwa Nairobi. Mwaka 1993 Ubelgiji ilitoa zawadi ya mashini mbili ndogo, zikasimamishwa pale juu. Pamoja hazikufika hata nusu ya megawati moja. Zilifanya kazi, zikazeeka, zikaachwa. Lakini zilionyesha kwamba upepo wa Ngong ni wa kweli.

Wakati huo watu wengi wa Kenya walijua upepo kwa kazi ingine kabisa: kuvuta maji. Karakana moja ya Thika ilikuwa inatengeneza pampu za upepo zenye zinaitwa Kijito, zenye mapanga mengi, za kuvuta maji kwenye visima virefu katika sehemu kavu. Pampu ya namna hiyo haiombi waya wala mkataba na Leta. Upepo ukivuma, maji yanapanda kwenye tanki. Usipovuma, watu wanakunywa yale ya jana. Kwa kijiji chenye iko mbali na waya, hesabu hiyo ingali na maana.

Kwa umeme, kampuni ya Leta yenye inaitwa KenGen ilirudi Ngong mwaka 2009 na mashini sita, megawati 5,1, tena kwa msaada wa Ubelgiji. Miaka michache nyuma ikaongeza zingine mpaka zikafika 30, megawati 25,5. Ni kidogo kwa inchi nzima. Faida ya Ngong ilikuwa kwamba waya wa umeme ulikuwa karibu, na mafundi wa Kenya walijifunza kazi kwenye mashini za namna ileile yenye ilikuja kusimamishwa Turkana.

Makamio, barabara, na waya wenye ulichelewa

Wazo la Turkana lilianza karibu 2005. Kampuni moja ya binafsi, Lake Turkana Wind Power, ilitafuta pesa miaka mingi. Kazi nzima iliomba zaidi ya euro milioni 600, na Kenya ilikuwa haijaona kampuni za binafsi zikiweka pesa mingi hivyo pahali pamoja. Benki ya Maendeleo ya Afrika njo ilisimama mbele ya wakopeshaji wengine.

Benki ya Dunia ilikuwa ndani, halafu mwaka 2012 ikatoka. Wasiwasi wake ulikuwa juu ya mkataba. Kampuni ya Leta yenye inauza umeme kwa wakaaji, Kenya Power, ilikubali kununua umeme wote wa Turkana kwa miaka 20, kwa bei ya karibu senti 7,5 za euro kwa kila kilowati-saa. Bei hiyo haikuwa mbaya. Umeme wa mashini za mazutu ulikuwa unaomba mara mbili ao tatu ya hapo. Lakini mkataba ulisema pia kwamba kama umeme uko tayari na mnunuzi hawezi kuupokea, atalipa tu. Benki ya Dunia iliogopa kwamba inchi italipa umeme wenye haihitaji. Wenye kujenga walijibu kwamba bila ahadi hiyo hakuna banki itakopesha hata euro moja. Pande zote mbili zilisema kweli, na mambo yenye yalifuata yalionyesha hivyo.

Ujenzi ulianza mwishoni mwa 2014. Mashini zilishuka kwenye bandari ya Mombasa, zikapanda makamio, zikafanya safari ya kilometa zaidi ya 1000. Kipande cha mwisho, kutoka Laisamis mpaka Sarima, kilometa 208, kampuni ililazimika kutengeneza barabara mbele ya kupeleka mashini. Msomaji mwenye amekwisha kulala njiani kati ya Bukavu na Shabunda anaweza kufikiri namna ya kupitisha panga la metre 25 katika njia ya namna hiyo. Mwezi wa tatu 2017, mashini ya 365 ikasimama. Kampuni ilimaliza kazi yake.

Waya haukuwa tayari. Leta ya Kenya njo ilikuwa na kazi ya kujenga waya wa kilovolti 400 kutoka Loiyangalani mpaka Suswa, kilometa zaidi ya 400, na kazi hiyo ilipewa kampuni ya Hispania, Isolux Corsán. Malipo kwa watu wenye mashamba ambako nguzo zinapita yalichelewa, kisha mwaka 2017 kampuni hiyo ya Hispania ikaanguka, ikakosa pesa. Ikaombwa kampuni za China kumaliza. Kwa muda huo wote mashini 365 zilisimama katika upepo bila kuuza kitu, na mkataba ulikuwa wazi: mwenye alichelewesha waya analipa. Leta ililipa mabilioni ya shilingi, na sehemu ingine ya deni ikaongezwa juu ya bei ya umeme wa Turkana kwa miaka kadhaa. Watu walilipa umeme wenye haukuwaka.

Waya uliunganishwa mwezi wa tisa 2018. Rais Uhuru Kenyatta alifungua mradi mwezi wa saba 2019. Tangu siku ya kuunganishwa, Turkana imekuwa na sehemu kubwa katika umeme wa inchi. Na kwa kuongeza Ngong na Kipeto, yenye tutaikuta mbele kidogo, Kenya ikafika karibu megawati 436 za upepo.

Juu ya vijiji vyenye viko chini ya waya: waya wa kilovolti 400 hauwezi kutobolewa tu kusudi kijiji kipate taa. Inahitaji stasheni ya kushusha nguvu, yenye bei kubwa. Wakongomani wanajua jambo hilo kupitia waya wa Inga mpaka Katanga, wenye ulimalizika mwaka 1982 na unapita juu ya vijiji kilometa 1700 bila kuviwashia. Pale Turkana ni vilevile. Kampuni iliweka mfuko wa kusaidia shule, maji na vituo vya afya, na kazi za ujenzi zilileta mishahara kwa mamia ya vijana, halafu ujenzi ukaisha na wengi wakarudi kwenye mifugo.

Upepo wa usiku

Upepo wa Turkana uko na tabia yenye inasumbua: unavuma zaidi usiku na alfajiri, wakati watu wamelala na viwanda vingi vimefungwa. Jioni, kati ya saa moja na saa nne, Wakenya wanapika, wanawasha taa na televizyo, na inchi inaomba zaidi ya megawati 2000. Katikati ya usiku inashuka karibu na nusu.

Hapo inatokea mashindano. Kenya iko na umeme mwingi wenye unatoka chini ya udongo, kwenye mvuke wa moto wa Olkaria, na mvuke huo hauchagui saa. Usiku, upepo na mvuke vinakuwa vingi kuliko mahitaji. Hakuna ghala kubwa la kuweka umeme mpaka jioni ya kesho. Kwa hiyo wenye kuongoza waya wanaambia mashini zingine za upepo zisimame, ao mvuke wa Olkaria unaachwa uende hewani. Jioni yenyewe, upepo ukilala, wanafungua maji ya mabwawa ao wanawasha mashini za mazutu. Tangu mwisho wa 2022 Kenya inanunua pia megawati 200 kutoka Ethiopia kupitia waya mpya.

Mtu mwenye anapata delestaji kila siku atashangaa kusikia kwamba kuko inchi inatupa umeme. Lakini umeme haukai. Lazima wenye unatolewa na wenye unatumiwa vilingane kila sekunde, la sivyo waya wote unaanguka.

Na uliwahi kuanguka. Usiku wa tarehe 25 mwezi wa nane 2023, karibu Kenya yote iliingia katika giza, hata uwanja wa ndege wa Nairobi. Kenya Power ilisema shida ilianza Turkana, umeme wa upepo ulitoka kwa mara moja. Kampuni ya Turkana ilikataa: ilisema voltage ya waya wa inchi ilipanda kupita kipimo, na mashini zilijifunga zenyewe kujilinda, sawa vile zimeundwa kufanya. Dakika ile zilikuwa zinatoa karibu megawati 270. Hata mtu asipochagua upande katika ugomvi huo, hesabu inaonekana: inchi yenye inaweka sehemu kubwa ya umeme wake kwenye pahali pamoja na waya mmoja, waya huo ukishindwa, hakuna muda wa kujipanga.

Bei pia ilileta kelele. Mwaka 2021 Rais aliweka kikundi cha kuchunguza mikataba yote ya umeme na kampuni za binafsi, kisha mikataba mipya ikasimamishwa, na mwanzo wa 2022 bei kwa wakaaji ikashushwa asilimia 15. Miradi mingi ya upepo yenye ilikuwa kwenye karatasi ilibaki kwenye karatasi.

Kinangop: mashini zenye hazikusimama

Kinangop ni inchi ya juu, ya baridi, katika Nyandarua. Watu wanalima viazi na kabeji, wanakamua ng'ombe, na kila jamaa iko na shamba ndogo lenye karatasi yake. Upepo ni mzuri na Nairobi haiko mbali. Kampuni moja ilipanga mashini 38, megawati karibu 61, na pesa zilikuwa zimekwisha kupatikana.

Shida ilianza kwa namna ya kuzungumuza. Mwenye shamba lenye panga litasimama alitia sahihi na kungojea malipo. Jirani yake, mwenye atasikia kelele ya mapanga na kuona kivuli chake juu ya nyumba, hakuitwa. Pahali penye habari ya kweli haikufika, habari zingine zilijaa: kwamba mashini zitaleta kansa, kwamba ng'ombe watatupa mimba, kwamba watu wote watahamishwa. Wanasiasa waliingia. Kampuni ilileta wajuzi wa kueleza, lakini ilikuwa wamechelewa. Mtu mwenye amekwisha kuona jirani anatia sahihi kwa siri haamini tena karatasi ya mjuzi.

Watu walifunga barabara, na katika maandamano ya mwanzo wa 2015 mtu mmoja aliuawa. Mwezi wa pili 2016 kampuni ilitangaza kwamba inaacha. Mamilioni ya dola yalikuwa yamekwisha kutumika na hakuna hata nguzo moja ilisimama Kinangop.

Ni rahisi kusema kwamba wakaaji walidanganywa na uvumi. Uvumi ulikuwako. Lakini chini ya uvumi kulikuwa swali la kweli lenye halikujibiwa mapema: nani anapata nini, na nani anabeba nini.

Kipeto: mkataba kwa kila jamaa

Kusini mwa Nairobi, katika Kajiado, mashini 60 za Kipeto zilianza kazi mwaka 2021, megawati 100. Ni udongo wa Wamaasai, lakini huko udongo ulikuwa umekwisha kugawanywa, kila jamaa na karatasi yake. Kwa hiyo kampuni ililazimika kukaa na jamaa moja moja. Mwenye udongo anabaki mwenye udongo, anapangisha. Analipwa kodi, na malipo yake yanafuata pia mapato ya umeme. Jamaa zilijengewa nyumba. Zaidi ya hapo, asilimia 5 ya kampuni ilipewa mfuko wa wakaaji, kusudi hata wale wenye hawana mashini katika shamba lao wapate kitu. Ng'ombe wanaendelea kula nyasi chini ya nguzo. Na waya wa kufika kwenye stasheni ya Isinya ulikuwa wa kilometa 17 tu. Turkana ilikuwa na zaidi ya 400.

Kipeto iko na shida yake, ya ndege. Karibu kuko miamba ambako tai wala-mizoga wanajenga viota, wa aina zenye zinakwisha duniani. Tai anaporuka anatazama chini kutafuta mzoga, hatazami mbele, na panga linamkata. Kwa hiyo kuko watu wenye kazi yao ni kusimama na darubini mchana wote. Wakiona tai anakaribia, wanaita kwa redio na mashini inasimamishwa. Wengine wanazunguka kuondoa mizoga ya ng'ombe na mbuzi mbele tai hajaiona. Na kwa sababu tai wengi zaidi wanakufa kwa sumu, yenye wachungaji wanatia katika mzoga kwa kuua simba na fisi, mradi unalipa pia kazi ya kuzungumuza na wachungaji juu ya sumu hiyo.

Karatasi za Marsabit

Udongo wa Sarima haukuwa wa mtu mmoja mmoja. Ulikuwa udongo wa jamii, wenye kulindwa kwa jina lao na halmashauri ya wilaya ya Marsabit. Halmashauri hiyo njo ilipangisha ekari 150.000 kwa kampuni kwa miaka 33, na njia ya kuongeza. Mashini na barabara zake zinashika sehemu ndogo sana ya ukubwa huo. Wakaaji waliuliza: kama mashini zinatosha hapa, juu ya nini karatasi imeshika mpaka kule?

Kampuni ilijibu kwamba nafasi kubwa ilihitajika kusudi mtu mwingine asisimamishe mashini mbele na kuziba upepo, na kwamba wachungaji wanaruhusiwa kupita na kulisha. Ni kweli kwamba udongo haukufungwa na seng'enge. Kijiji cha Sarima chenyewe, chenye kilikuwa kwenye njia ya makamio, kilisogezwa. Lakini kuruhusiwa na kuwa mwenyewe ni mambo mawili tofauti.

Mwaka 2014 wakaaji walipeleka jambo kwenye tribinali ya mazingira na udongo ya Meru. Hawakuomba mashini zivunjwe. Walisema kwamba sheria ya wakati ule iliweka hatua za kutoa udongo wa jamii: kutangaza, kukusanya wakaaji, kusikiliza wenye kupinga, kulipa wenye kupoteza. Walisema hatua hizo hazikufuatwa. Katika Kivu na Ituri, wakaaji wenye wamekwisha kuulizana na kampuni za machimbo juu ya kaye ya maagano watatambua mara moja ugomvi wa namna hii: karatasi ilitiwa sahihi mjini, na mchungaji aliijua alipoona kamio.

Kesi ilidumu miaka saba. Wakati huo barabara ilijengwa, mashini zilisimamishwa, waya ulichelewa na kufika, Rais alikuja na kurudi. Mwezi wa kumi 2021 waamuzi watatu walisema wakaaji walikuwa na haki: karatasi zilipatikana bila kufuata sheria. Walitoa mwaka mmoja kwa Leta, jimbo la Marsabit na tume ya udongo kurudia kazi hiyo sawasawa. Mwaka huo ukiisha bila kazi kufanyika, karatasi zinafutika na udongo unarudia jamii.

Mwaka uliisha. Kampuni iliomba muda uongezwe. Mwezi wa tano 2023 tribinali ilikataa.

Mashini hazikuamriwa kusimama. Mkataba wa kuuza umeme ulibaki wa miaka 20. Upepo unapita kati ya Kulal na Nyiru sawa kawaida yake, umeme unakwenda Suswa, na ngamia wanapita katikati ya nguzo kwenda kwenye maji.